Nafasi ya racine

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Mwishowe imekubali. Juma muzima ordinateur, kompyuta ya imprimerie yetu ya kuchapa bitabu, ilikuwa inaniwekea bisanduku bitupu kila pahali penye alama ya hesabu. Leo nimeingiza herufi za matematiki kutoka disketi yenye tuliletewa toka Kampala, nikazima, nikawasha tena, na racine, ile alama ya kipeuo, ikatokea muzuri, na mustari yake juu ya namba zote.

Nikageuka nimuonyeshe Kambale. Kiti yake iko wazi tangu alienda Beni kuona mama yake mugonjwa, na basoda ba jeshi bakafunga barabara nyuma yake.

Kambale ndiye alikuwa anachora alama zetu. Mimi naandika ukurasa, naacha nafasi nyeupe, naye anaijaza na kalamu ya wino mbele ya karatasi kuingia ku mashine. Hakuacha kuchora hata siku ile masasi ya bunduki yalilia karibu na soko.

Mon père, padri mukubwa wetu wa kazi, aliangalia karatasi akafurahi.

"Masika, ni kazi muzuri. Donc hatuna tena lazima ya kumungojea Kambale."

Nikarudia ku kiti yangu. Alikuwa anasema tu juu ya kazi, najua. Mais kama hata kazi haimungojee, basi ni mimi peke yangu ndiye…

Kitabu ya hesabu ya batoto, yenye tulikuwa tunatengeneza, imeisha. Ila ku ukurasa wa mwisho nimefuta racine moja, nikaacha nafasi nyeupe.

Kesho mon père akiuliza, nitasema ile moja ordinateur imeikataa.