Sauti ya Wifi Kwenye Ngazi

Wifi yangu Sifa,

Na halafu ukakata simu kabla sijamaliza! Nilikuwa nasema hivi: kila nikifungua picha za harusi, simtafuti bwana harusi kwanza (Amani asisome hapa). Nakutafuta wewe kwenye zile ngazi, mdomo wazi, jasho linakutiririka, kitenge cha njano kimekukaa kama ulizaliwa nacho. Wiki sita nimeolewa na bado nacheka peke yangu jikoni kwa furaha.

Unakumbuka tulivyoanza vibaya? Amani alikuwa ameshanieleza yote: kwamba mlipokuwa wadogo kule Uvira watu walikuita kaka yake, na kwamba wewe ni dada yake, basi. Nikajiona nimejiandaa vizuri. Kazini nawasikia wenzangu wanavyojikwaa kwa Kiingereza, maana kule mwanamume ana neno lake na mwanamke lake. Sisi "yeye" ni mmoja tu kwa watu wote. Nimepona! Kisha ukaingia pale mgahawani mtaa wa Braamfontein, umetoka maktaba ulikokuwa ukifanya kazi wakati ule, nami nikasimama nikapaza sauti: "Shikamoo, shemeji!"

Shemeji! Kama vile nasalimia kaka wa mchumba. Amani alifunika uso kwa mikono. Mimi nikaanza kuomba msamaha, nikalia, nikaeleza jinsi ninavyowapenda watu wote, nikalia tena. Ukasubiri, ukanipa tishu.

"Umemaliza? Maana naona sasa mimi ndiye nakubembeleza."

"Nisamehe, wi... wifi."

"Haya, umeshasema. Tuagize chakula, nina njaa."

Ukala chipsi zangu zote.

Ndipo nikaja na ule mpango wangu mkubwa. Mama mkwe alikuwa amehesabu mawifi wawili wa kuja kunichukua nyumbani siku ya harusi, na wewe hukuwamo. Nikawaka. Nikaandika hotuba ya kurasa nne niisome mbele ya ukoo mzima, nikakusomea. Ulisikiliza hadi mwisho, heshima hiyo unayo. Kisha ukasema, "Hotuba ya nini, wewe? Mimi nataka kitenge tu, nikashone kama wenzangu. Ungeniuliza kwanza."

Kweli, sikuwa nimekuuliza. Nilikuwa nimejua kila kitu unachotaka isipokuwa kile ulichokitaka.

"Basi nimwambie mama?"

"Nitamwambia mwenyewe. Wewe kaa karibu yangu, unyamaze."

Kunyamaza! Mimi! Siku ile nyumbani kwa mama mkwe, mtaa wa Marshalltown, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikauma ulimi kweli kweli. Alikuwa anakoroga sombe, majani ya muhogo yananukia nyumba nzima. Ukasema, "Mama, na mimi ni wifi yake. Naomba nishone sare." Hakugeuka. Mwiko ulizunguka, ukazunguka, na mimi nilikuwa na maneno elfu moja mdomoni. Nikayameza. Ukimya ule ulikuwa wako na mama yako, haukuwa wangu. Mwisho akauliza, bila kukuangalia, "Wewe ni mrefu. Mita ngapi zitakutosha?"

Eish, wifi! Nilitoka nje nikaruka ruka kwenye korido mpaka jirani akafungua mlango.

Lakini kile ulichokiogopa uliniambia siku moja tu kabla ya harusi: sauti. Mawifi lazima waimbe, na sauti yako ni nzito. Ulisema utachezesha midomo tu. Sikukwambia "usiogope." Nilikuuliza, "Ungependa nifanye nini?" Ukajibu, "Usinitazame sana." Nikaahidi.

Siku yenyewe lifti ya jengo letu ikagoma, kama kawaida yake, na sisi tupo ghorofa ya saba. Mimi ndani na shela yangu, nasikia mnapanda mnaimba. Ghorofa ya tatu, wimbo mkali. Ya tano, wenzako pumzi zinakata, wanakohoa, mmoja analaani viatu vyake. Wimbo ukataka kufa pale pale. Ndipo nikakusikia, sauti nzito, pana, imejaa ngazi zote, "Tumekuja kumchukua wetu!" Majirani wakatoka kupiga vigelegele. Sikukutazama, nilikuwa nyuma ya mlango, lakini nilikusikiliza kwa mwili mzima. Mlango ulipofunguliwa, mama mkwe, aliyepanda nyuma yenu, alikuwa anakufunga kilemba chako kilicholegea, pini ameishika kwa meno.

Najivuna, wifi. Nakutangaza kila mahali ninapokaribishwa chai: wifi yangu ndiye aliyebeba wimbo wangu hadi ghorofa ya saba. Tangu uhamie Durban kwa ile kazi mpya, nyumba imepungua sauti.

Na sasa lile ulilolikatia simu. Jumapili, baada ya ibada, mama yako alinivuta pembeni. Unajua mpaka leo anakuita "mtoto" tu, anakwepa jina. Akaniuliza, "Hivi yeye mwenyewe angependa nimwiteje?" Wifi, jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu! Nikauma tena ulimi. Nikamwambia, "Mama, muulize mwenyewe." Akafikiri, akasema, "Kwenye simu siwezi."

Kwa hiyo andaa magodoro mawili. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, mimi na yeye, na sombe kwenye ndoo. Atauliza yeye, utajibu wewe. Mimi nitakaa karibu, kimya.

Wako anayejivuna,
Wifi