Ulipoulizwa Nani Kwenu Aliugua Sukari

Kalume, mwana wa kaka yangu,

Huku Adu mvua imenyesha, na mihogo imeshika. Shikamoo yako sijaisikia miaka mitatu, wala sikuandikii kuiomba.

Mkeo Charity amenipigia simu. Anasema umepatikana na sukari huko Kilifi, na daktari amekukataza soda unazoshushia mahamri kutwa nzima umekaa kitini, na hicho kitambi ulichokiita heshima. Pole. Nami nimekwenda kupimwa, maana damu yetu ni moja.

Lakini Charity ameniambia na jambo jingine. Daktari alikuuliza kama katika ukoo wako yuko aliyeugua sukari, ukajibu bila kusita, "Baba. Ilimla mguu, kisha ikamuua."

Kumbe ulijua. Kwenye matanga yake ulisimama mbele ya ukoo mzima ukasema mguu wa baba yako umeozeshwa na dada yake, mchawi. Nyumba yangu ikachomwa, nikatoka na leso moja.

Daktari umemwambia kweli kwa sababu wataka kupona. Sasa njoo uwaambie na wale wa matangani, kwa sauti ileile.

Ni mimi shangazi yako, ningali hai,
Kahonzi