Ndege Yenye Mabawa Yaliyolegea

Papa,

Umenichosha. Umelala huko chini tangu mvua za mwisho, udongo umeshakauka juu yako, na bado unanichosha. Wenzangu wakifiwa na baba wanarithi nguo, redio, labda ugomvi wa kiwanja. Mimi umeniachia ndege ya kuunda kwa mkono, mfano wa ndege ya vita ya zamani, haijafungwa waya zake, imekalia meza ya kulia chakula, na sisi tunakula bukari, ugali wetu, sahani zikiwa magotini.

Naanza na habari za nyumbani, maana najua utauliza. Mama ni mzima. Mguu unamsumbua asubuhi, mchana anausahau. Cherehani yangu inashona, wateja wapo. Watu bado wanagonga mlangoni na mota zilizoungua, wanauliza fundi wa kuzifunga waya upya yuko wapi, na mimi naanza kueleza tena kwamba umekufa. Mmoja alilia pale pale mlangoni, kisha akafuta machozi akaniuliza kama mimi siwezi kumfungia. Nilitaka kumpiga na mota yake.

Sasa ndege. Baba mudogo alikuja kutoka Lubumbashi kupanga siku ya kumaliza kilio. Unamjua mdogo wako, hawezi kukaa bila kugawa kitu. Alisema siku hiyo vitu vyako vitatolewa, kila mtu wa ukoo apewe chake, nyumba ibaki safi. Akafika mezani, akainua ndege kwa bawa. Kwa bawa, Papa! Akaona mifupa yake yote ni shaba.

"Hii kintu iko nini? Kama iko cuivre, tutauzisha pamoja na ile ingine ya mu caisse," akasema, akionyesha kwa mguu sanduku lako la waya.

Nikamwambia iko ndeke.

"Ndeke gani, mabawa inaanguka hivi? Ikisimama muzuri mbele ya siku ya kilio, bon, itabakia. Isiposimama, iko cuivre."

Ungeimaliza wewe mwenyewe haya yasingetokea. Hadithi ya sanduku la babu yako naijua kwa moyo, ulimsimulia kila mgeni aliyekanyaga kwetu. Wakati wa vita vya kwanza vya wazungu babu yako alibebeshwa sanduku refu hadi ziwa Tanganyika, akalitukana njia nzima, kwa sababu upepo ukilipiga lilimzungusha yeye mwenyewe. Kule ziwani wakalifungua: bawa la ndege. Ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na miguu kama mitumbwi midogo ya kukalia maji. Aliiona ikiruka, akakaa chini. Basi kwa ajili ya sanduku hilo wewe ukamaliza maisha yako ukiiunda na kuibomoa, kwa waya za mota zilizoungua, ukitazama picha moja iliyofifia.

Maana ulikuwa unaibomoa, usikatae. Pasaka ya mwaka juzi ndege ilikuwa imekwisha, majirani wakaja kuitazama, ukawashukuru, wakaondoka, ukachukua koleo ukakata mabawa. Eti bawa la chini lilikuwa mbele kidogo kuliko kwenye picha. "Bado kiloko," ukasema. Bado kiloko! Kila mwaka ni bado kidogo. Nimekua nikisikia neno hilo kuliko jina langu. Ukaenda ziwa Tshangalele kutafuta ule mti mwepesi ambao wavuvi wanaufunga kwenye nyavu, ukachonga mitumbwi mipya. Ukachukua shuka la Mama la mwisho jeupe. Mimi nikashona kitambaa juu ya mabawa, wewe ukapaka uji wa unga wa muhogo, kikakauka kikajikaza chenyewe mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Mama aliiita ndege hiyo deuxième bureau yako, nyumba ndogo yako. "Banaume bengine beko na banamuke ku mutaa ya Kikula," alisema, "bwana yangu iko na ndeke."

Kisha ukafa, na waya hazijafungwa.

Zilibaki hizo tu, zile nyembamba zinazopishana kati ya bawa la juu na la chini kuyashika yasianguke. Nikasema ni kazi ya mchana mmoja. Mimi ni mshonaji. Uzi, waya, tofauti iko wapi? Nikachukua waya kwenye sanduku lako, nikaikwangua rangi yake kwa wembe, nikafunga zote. Ilipendeza sana. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi bawa la kulia lilikuwa limeinama kama kuku aliyenyeshewa. Nikalikaza, la kushoto likapanda. Nikakaza la kushoto, mkia ukapinda. Nikakata zote, nikafunga upya, nikakata tena. Vidole vyangu vimejaa matobo. Nilikutukana, Papa, kwa sauti, jirani akadhani nagombana na mteja.

Ndipo nikakumbuka mlango.

Hukufunga waya hata moja bila kuivuta kwanza. "Kamata ku mwisho. Usiachie!" Mimi na koleo mlangoni, wewe na koleo ukutani, waya katikati, unaegemea nyuma polepole kwa uzito wa mwili wako mpaka waya inarefuka kidogo na kunyooka yote. Niliona ni wazimu wako mwingine, kama kule kuijaribu mitumbwi ya ndege kwenye beseni la kuogea uone kama inaelea. Siku moja waya ilikatika, ukaangukia kitini miguu juu, koleo bado mkononi, ukacheka hadi ukakohoa. Lakini kwa nini tunavuta, hukusema. Ungesema neno moja tu! Waya ya mota ni laini, ukiifunga hivyo hivyo inalegea. Ukiivuta inakuwa ngumu. Hilo nimelijua peke yangu, bawa likiwa limeinama mbele yangu na siku ya kilio imekaribia.

Na kuvuta kunataka watu wawili. Hilo nalo hukulifikiria. Nikafunga mwisho mmoja kwenye kitasa cha mlango, nikavuta, kitasa kikang'oka. Nikafunga kwenye dirisha, waya ikachomoka ikanichapa kidevuni. Nikakaa sakafuni na kitasa mkononi, nikalia. Miezi yote hii nilikuwa nalia kilio cha watu, kile cha kupokea wageni. Siku hiyo nilikulilia wewe, kwa sababu upande wa pili wa waya hakukuwa na mtu.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Nikangoja aniambie nitupe takataka hizo. Akajifuta kwenye kitenge, akaokota koleo lako, akazungushia waya kwenye meno ya koleo, akarudi nyuma hadi ukutani na kutanguliza ule mguu mbaya. Alisimama vile vile ulivyokuwa unasimama wewe. Mimi namtazama tu, mdomo wazi.

"Unaniangalia nini? Mbele weye uzaliwe, nani alikuwa anakamata? Vuta!"

Tukavuta. Kwamba kabla yangu yeye ndiye aliyekushikia waya, hilo pia hukuwahi kuniambia, Papa, na yeye hakuwahi. Tulivuta waya zote, tukazifunga moja huku, moja kule, Mama akinigombeza kila fundo. Mabawa yakasimama.

Siku yenyewe watu walikula, pasta akaomba kwa urefu wake ule ule, nguo zako zikagawiwa, redio ikaondoka. Kisha baba mudogo akaja mezani. Safari hii hakuigusa kwa bawa, Mama alikuwa amesimama pale na mwiko. Akagonga waya moja kwa ukucha. Ikalia. Akagonga nyingine. Akainama akaitazama, akavua kofia, yule mdogo wako mgumu.

"Bon," akasema. "Iko ndeke."

Sanduku la waya alisahau kuliulizia, na mimi sikumkumbusha.

Nilidhani yameisha. Nilishapanga ndege ikae juu ya kabati, turudishe meza yetu, tule kama watu. Jana Mama alikuwa anapangusa vumbi. Akainama kando ya ndege, akafumba jicho moja, kama wewe, nami nikaogopa.

"Bawa ya chini iko mbele kiloko," akasema.

Nikamwambia Mama, hapana. Nikamwambia imekwisha, ukoo wote umeiona, baba mudogo amekubali. Akatikisa kichwa. "Bado kiloko," akasema, akaenda kutafuta koleo.

Basi pumzika, Papa, maana huku hakuna anayepumzika. Nakuahidi jambo moja: tuikate na kuifunga tutakavyo, maadamu niko hai haitapanda mizani ya wanunuzi wa shaba. Bukari tutaendelea kulia magotini. Sasa Mama yuko ukutani ananiita, waya iko tayari, na akingoja anakasirika. Nimekamata ku mwisho. Siachii.

Binti yako,
Kapinga