Mkono Mkavu

Kilwa Masoko,
4 Mei 2024

Mwanangu Issa,

Salaam nyingi zikufikie huko Masqat, zikukute mzima. Mimi sijambo, ila magoti yananinung'unikia kila nikiinuka kwenye mkeka, nayo nimeshayazoea. Joto la huko umelizoea? Huyo tajiri wako anakuacha ulale, au unaendesha gari usiku na mchana? Unakula wali?

Barua naandika kwa mkono kama kawaida, Fauzia wa dukani anaipiga picha anakurushia. Kuongea na simu mbele ya wateja wake siwezi. Nitakuwa nataja mambo ya ndani huku mtu anasubiri apimiwe sukari.

Sasa nikupe habari za Kimbaumbau wako. Hilo jina la Bruno halinikai mdomoni, nimeshakwambia. Mzungu wa hoteli alifunga akarudi kwao akakuachia wewe mbwa, wewe nawe ukapata safari ukaniachia mimi. Haya, nimelea. Lakini watu wananisema, Issa. Wakipita uani wakaona zile mbavu, utawasikia: "Bi Sada, mbwa naye unamfungisha?" Nawaambia ndivyo alivyoumbwa, ni mbwa wa mbio, tena kwa kula ananishinda mimi. Hawaniamini. Mbio zenyewe hawazioni, maana analala kutwa, anaamka kula, anarudi kulala. Na mdomo unanuka, loo! Nikimsogezea sahani kwa mpini wa ufagio, navuta pumzi kwanza.

Ila siku hizi anachechemea. Mguu wa mbele, wa kulia, na asubuhi ndiyo zaidi. Nimfanyeje?

Mama yako,
Sada

Masqat,
7 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, wali nakula, na joto la huku halizoeleki, nakudanganya nikisema nimelizoea. Pole na magoti. Usibebe ndoo mbili kwa mpigo, najua unabeba.

Kuhusu Bruno usiogope. Mbwa wa aina yake wana mambo yao. Meno yanaoza mapema, ndiyo harufu hiyo. Ngozi nyepesi, waya ukimgusa tu inachanika. Halafu wanaota sugu kwenye nyayo, kitu kigumu kama punje ya hindi, akikanyaga kinamchoma. Alishawahi kuwa nayo, nikawa namlainisha kwa mafuta ya nazi na kuikwangua. Nina hakika ni hiyo imerudi. Na usimwache alale kwenye saruji, mpe lile godoro langu la zamani, maana mwenzetu hana nyama ya kulalia.

Ila nakuomba umpapase mguu wote, kuanzia begani mpaka kwenye kucha. Ukikuta joto au uvimbe mwite Dionis, yule bwana mifugo. Msalimie Fauzia.

Mwanao,
Issa

Kilwa Masoko,
21 Mei 2024

Mwanangu Issa,

Marahaba mwanangu, na salaam zako nimempa Fauzia, amecheka mpaka nimeshangaa. Hujambo? Mimi mzima. Ndoo nabeba moja, usiniulize narudi kisimani mara ngapi.

Godoro nimempa. Kalipokea kama kazaliwa nalo, kajinyoosha miguu minne juu mpaka nikaona haya mimi. Nyayo nimeziona zina kitu kigumu kweli, mafuta ya nazi nimemtia. Na mguu nimemshika kama ulivyosema, juu mpaka chini. Hamna kitu. Kwa hiyo tulia, fanya kazi yako.

Mama yako,
Sada

Masqat,
23 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Alhamdulillah, basi ni sugu tu. Endelea na mafuta, itakwisha yenyewe. Mimi mzima, kazi nyingi, nitaandika nikipata nafasi.

Mwanao,
Issa

Kilwa Masoko,
12 Agosti 2024

Mwanangu Issa,

Naomba barua hii ikukute salama, na ukiisoma uwe umekaa chini. Idd ilipita nikakuombea dua, nawe ukanyamaza, nikajua kazi. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Mbwa wako anaumwa sana. Sugu ilikwisha mwezi wa sita, kuchechemea hakukwisha. Mimi nikawa najiambia ni uvivu wake, mara baridi ya Julai. Wiki iliyopita akawa anakuja kwenye sahani kwa miguu mitatu. Nikainama nikatazama vizuri, nikaona juu ya kifundo cha mguu pamevimba kama kitumbua. Nikamwita Dionis. Unamjua, mtu wa Rondo, hana maneno mengi. Kapiga magoti pale uani, kaushika ule mguu kwa mikono yote miwili, taratibu, na Kimbaumbau katulia anamtazama usoni. Halafu Dionis akaniuliza, "Bi Sada, hili lina miezi. Hukulisikia mkononi?"

Niliuficha mkono ndani ya kanga, Issa.

Sikumshika. Nilikuandikia kuwa nimemshika, nikakudanganya. Mafuta nilimmiminia kutoka mbali. Mwaka na nusu huyu mbwa yuko uani kwangu na sijawahi kumwekea mkono. Niliona aibu kukwambia. Unajua mimi na swala zangu, unajua nilivyolelewa, mbwa ni najisi, basi nilimlisha na kumnywesha na kumfagilia, ila mkono hapana. Nikajiambia macho yanatosha. Hayakutosha.

Dionis alimpigia daktari wa wanyama aliyemsomesha, akamtumia picha, wakaongea sana. Wanasema ni kansa ya mfupa. Inawapenda mno mbwa warefu wa namna hii. Wenye uwezo huukata mguu wote na mbwa akaishi na mitatu, lakini huyu ameshaanza kukohoa, wanadhani imefika kifuani. Nikamwuliza Dionis, ingejulikana mwezi wa tano angepona? Akasema kupona asingepona, ila maumivu yangetibiwa mapema. Kwa hiyo hiyo miezi yote alikuwa akiumwa mbele ya macho yangu nami namwita mvivu.

Ameacha vidonge vya maumivu. Anasema kilicho cha huruma ni sindano ya kumlaza. Nimemwambia mwenye mbwa ni wewe. Niambie nifanyeje. Na unisamehe.

Mama yako,
Sada

Masqat,
13 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo.

Usimchome sindano. Nimemwomba tajiri ruhusa, amesema mwishoni mwa Septemba, pasipoti anayo yeye, siwezi kutoka kabla. Nataka nimwone. Mpe vidonge na umsubirishe.

Nilikuomba kitu kimoja tu, mama. Kimoja. Ukaniandikia umekifanya.

Issa

Kilwa Masoko,
2 Septemba 2024

Mwanangu Issa,

Salaam aleikum. Hujambo? Sijui kama utataka kunijibu, mimi naandika.

Nilimsubirisha. Mungu anaona nilimsubirisha. Vidonge nilimtilia kwenye samaki, nikamchambulia miiba, mbwa, mimi Sada nakaa namchambulia mbwa miiba. Siku za mwanzo alikula. Halafu akawa ananusa tu na kuweka kichwa chini. Dionis akawa anapita kila jioni akitoka kazini, hasemi kitu, anamtazama yeye halafu ananitazama mimi. Ningependa angesema.

Ijumaa asubuhi alitaka kutoka uani kwenda kujisaidia. Kizingiti unakijua, hakifiki hata nusu ya kidole. Alishusha ule mguu, nikasikia mfupa umevunjika. Nilikuwa jikoni na niliusikia, Issa. Mlio alioutoa sijawahi kuusikia kwa mnyama wala kwa mtu. Majirani walitoka. Mimi nilisimama na mwiko mkononi kama mjinga.

Dionis alikuja mbio. Akasema hapa hakuna tena cha kusubiri, lakini yeye atashika mguu na sindano, lazima mtu amshike kichwa asihangaike. Fauzia anaogopa mbwa, ameshakimbia. Nikamwambia Dionis nipe dakika, nikatoka kichwa kimejaa, nikamkuta shehe Musa anarudi kutoka sokoni. Nikamwuliza pale pale njiani, wala salamu sikumpa. Nikasema shehe, nimebanwa, nataka kumshika mbwa anakata roho, nitatoharika vipi? Akanitazama akasema, "Bi Sada, mkono mkavu kwenye manyoya makavu hakuna najisi inayohama. Ukipata mate au majimaji, osha mara saba, moja kwa udongo. Nenda kamshike."

Mkono mkavu. Mwaka na nusu, Issa. Jambo la kuuliza mtu njiani, nikakaa nalo mwaka na nusu kwa sababu niliona haya shehe akijua nina mbwa uani, na kumbe kila mtu anajua.

Nikarudi. Nikakaa chini kwenye godoro lako, nikakichukua kile kichwa kirefu nikakiweka mapajani. Manyoya yake ni laini sana. Hukuniambia kuwa ni laini hivyo. Masikio baridi, yamekunjwa kama kanga. Mwanzo alitetemeka, halafu akanilalia mkono, akapumua kwa nguvu mara moja kama mtu aliyetua mzigo. Mate yalinimwagikia mpaka kwenye kiwiko, sikuondoa mkono. Nilimwita Bruno. Nilimwita jina lake mpaka Dionis akaniambia Bi Sada, basi, ameshaondoka.

Niliosha mkono kama alivyosema shehe, na udongo. Nikalia nikiwa na kopo mkononi. Tumemzika nyuma ya choo karibu na ule mchongoma, Dionis kachimba kina kirefu, hakuna kitakachomfukua.

Sikukusubiri. Nilikosa mara ya kwanza kwa kutomshika, na hili la pili ukiliona kosa, lihesabu pia. Ila la pili ningelifanya tena.

Mama yako,
Sada

Kilwa Masoko,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Issa,

Salaam. Je, u mzima? Septemba imekwisha, hukuja wala hukuandika. Nimemwuliza Fauzia kama simu yake ina tatizo, kaniambia haina. Andika hata neno moja nijue unapumua. Kunichukia unaweza kunichukia huku umenijulisha kuwa umekula.

Mama yako,
Sada

Masqat,
3 Novemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mwili mzima, nakula. Ruhusa niliipata, nikamwambia tajiri siihitaji tena. Sikuweza kuja kukutazama usoni, na sababu siyo ile unayoifikiria.

Hilo la mkono mkavu nilikuwa nalijua.

Nilipoanza kazi kwa yule mzungu nilikwenda kwa shehe Musa kumwuliza, akaniambia maneno hayo hayo. Niliporudi nyumbani na Bruno, nikakuona unamkwepa, unashika kanga yako isimguse, nikanyamaza. Nilicheka moyoni. Mama, nitakwambia ukweli wote ingawa ni wa kitoto. Nikirudi kutoka kwenye vibarua nyinyi wote mna shughuli zenu, yeye yuko mlangoni ananingoja mimi. Nikawaza nikikwambia unaweza kumgusa utampenda, na akishajua mkono wako atakuwa wako, maana wewe ndiye mwenye chakula. Nilitaka awe na mtu mmoja tu. Hata siku ya kupanda basi kwenda Dar nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Nikajisemea, nikirudi atanikumbuka mimi peke yangu.

Halafu nikakuandikia umpapase. Nilijua hutampapasa. Uliponijibu kuwa umemshika, nilijua hukumshika, mimi ni mwanao, najua ukidanganya hata kwa maandishi. Nikaandika alhamdulillah ni sugu, kwa sababu nilitaka iwe sugu. Na baada ya yote hayo nikakufokea.

Angeguswa angetulizwa maumivu mapema. Na mwaka na nusu asingekaa uani peke yake bila mkono wa mtu. Hilo nililifanya mimi. Sijui nitalipeleka wapi.

Mwanao,
Issa

Kilwa Masoko,
9 Novemba 2024

Issa,

Marahaba. Mimi mzima, na nimefurahi kusikia unakula.

Barua yako nimeisoma mpaka simu ya Fauzia ikaisha chaji, ikabidi ningoje nimalizie. Nimekasirika. Sijakasirika hivi tangu marehemu baba yako alipouza kitanda changu bila kuniuliza. Wewe mtoto wewe! Mimi nimekaa miezi hii siwezi kula, nikinawa mikono nalia, nikifika kwenye kile kizingiti nazunguka, kumbe wewe unajua na umekaa kimya mpaka mwisho. Ungeniambia neno moja tu. Nilikuwa hapo hapo jikoni.

Sikusamehe kwa barua, usitegemee. Na mimi kwangu sijajisamehe, kwa hiyo tuko wawili. Kachukue pasipoti yako kwa huyo bwana uje. Nitakugombeza mpaka mtaa wote utoke nje, na baada ya hapo nitakupakulia, maana najua unanidanganya kuhusu huo wali.

Lakini ulichokuwa unakiogopa ni kweli, mwanangu. Ningempenda. Nimempenda. Nimempata kwa muda wa sindano tu, na hilo ndilo nitakaloanza nalo utakapoingia mlangoni.

Mama yako,
Sada