Miwani ya Gereji ya Kiwanjani

Mpendwa Baba Halima,

Salaam aleikum huko kaburini uliko. Leo nakuandikia nikiwa na hasira, univumilie.

Unakumbuka siku tajiri mwenye gereji alipoleta miwani mpya pale Kiwanjani? Nilikuwa nimekuletea chai. Ulikuwa unakata vyuma vya bodi ya lori la ng'ombe, cheche za grainda zinaruka mpaka barabarani. Ukaigonga ile miwani kwa ukucha. Ukaweka moja juu ya gunia la mchanga, ukapanda juu ya lori, ukaiangushia gololi ya chuma, jinsi ulivyoona wakipima kwenye karakana ya jeshi. Kioo kikavunjika vipande.

"Tajiri, hii ni ya kuzuia jua. Si ya kazi."

"Miwani ni miwani," akakujibu. "Umeshaharibu moja. Vaa hiyo nyingine."

Ukavaa, kwa sababu nyumbani tulikungojea. Haukupita mwezi, kipande cha chuma kikapasua kioo kikaingia jicho lako la kulia. Njiani kwenda hospitali nilikufunika uso kwa leso yangu, nawe ukaniuliza kama grainda imezimwa. Jicho halikupona. Tajiri akawaambia watu kwamba ulivaa vibaya.

Mimi nilitaka kwenda kumtukana. Wewe ulirudi kazini na jicho moja, ukawaambia wenzako wasiwashe mashine mpaka iletwe miwani ya kweli, ipimwe mbele yao. Wakakaa chini, wote. Tajiri akachoka, akaagiza nyingine Nairobi. Hiyo uliipiga kwa gololi, ikadunda tu. Jioni hiyo ulikula ugali mara mbili.

Nikadhani yamekwisha.

Sasa gereji ni ya mtoto wa tajiri. Ile miwani nzuri ilizeeka, naye akanunua nyingine sokoni, nyepesi kama kifuniko cha ndoo. Aliyepewa aivae ni Guyo, mume wa Halima wetu. Nilikwenda kumwona huyo kijana mwenye gereji.

"Mama, siku hizi zote ziko hivi," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Jicho la mume wangu lilipotelea hapa, kwa baba yako."

Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Kinachonichoma ni kwamba hakuna asiyejua. Isiolo nzima ilikuona ukitembea umegeuza shingo ili uone upande wa kulia. Tulipie jambo hili mara ngapi?

Jana Guyo aliweka miwani mezani kwa huyo mtoto wa tajiri, akasema haivai na grainda haigusi. Akawatazama wenzake. Hakuna aliyesimama naye. Walikuwa wanaogopa, na siwezi kuwalaumu, lakini nawalaumu.

Leo asubuhi ameondoka kwenda Gotu, kuchunga mbuzi wa watu. Unga uko chini kabisa. Nilisimama mlangoni nikamtazama Guyo akienda, macho yake yote mawili mazima, na hata hilo halikunituliza.

Wewe pumzika. Mimi bado.

Mkeo,
Mama Halima