Maji ya Karo la Mama

Mambrui, Malindi
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Zaid,

Assalamu alaykum warahmatullah. Shikamoo kaka. U hali gani na joto la huko Doha? Wifi Nargis je, kile kikohozi kimemwachia? Sisi miili ni mizima, alhamdulillah, ila nyoyo hazijatulia. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu Mama angenisikia.

Lile karo la jikoni ulilotaka Mama awekewe, asichutame tena uani kuosha vyombo na magoti yale, lilifungwa baada ya Idi. Alilifurahia mno. Hata vikombe safi alikuwa akivirudia kuviosha.

Fundi Musyoka aliunganisha bomba la karo na lile kuukuu la bafu la uani, linalopita chini ya ardhi hadi shimo la maji machafu la nyuma. Akamwaga ndoo ya maji, yakashuka, sote tukaridhika. Bafu lile halijatumika tangu afariki Baba, kwa hivyo hakuna aliyejua kwamba bomba limepasuka huko chini, ubavuni mwa kisima.

Wiki iliyopita maji ya kisima yakatoka na utando wa mafuta na shombo ya samaki. Musyoka akaja, akachimba, akashika kichwa. "Mama, maji yako ya vyombo yote yamekuwa yakiingia humu."

Na kisima, kaka, twachota na majirani. Afiya, yule bintiye Bi Sumeiya wa nyumba ya pili, alikuwa amelazwa Malindi, anaharisha. Daktari hakusema ni maji, wala hakusema si maji.

Nilimsihi Mama angoje maji yapimwe kwanza. Alijitanda leso, akashika mkongojo, akaenda nyumba kwa nyumba. "Msinywe maji ya kwangu, yameharibika." Kwa Bi Sumeiya alieleza kila kitu.

"Ungenyamaza, nisingejua," akasema Bi Sumeiya, akafunga mlango.

Sasa bomba jipya limepitishwa mbali, na kisima kimefunikwa mpaka watu wa afya waje. Lakini Mama karo halikaribii, na chakula anakidonoa tu. Afiya karudishwa nyumbani, dhaifu, hataki kula. Kila asubuhi nampelekea mamake maji ya mfereji. Hupokea, akafunga mlango.

Leo baada ya adhuhuri Bi Sumeiya alikuja mwenyewe. Alisimama kizingitini, asiingie.

"Mwambie mamako, Afiya ametaka uji."

Akageuka, akaenda zake. Mama alikuwa chumbani, amesikia. Alilia kwa sauti, kaka, kilio ambacho sijakisikia tangu msiba wa Baba. Kisha akainuka, akaniuliza unga wa mtama umebaki kiasi gani.

Mpigie simu, umzungumzishe ya huko kwenu. Ami Abdulghani anakusalimu. Wabusu watoto. Mola awahifadhi ugenini na atukutanishe kwa heri.

Dadako akupendaye,
Kaltuma