Kuifunga Upya Injini ya Baba

Kaita, Hiroshima
Katikati ya mvua za mwezi wa sita

Kaka yangu Nobuhide,

Mvua haijatuachia huku. Nguo hazikauki, mikeka ya sebuleni inanuka unyevu, na vyura wa shamba la mpunga nyuma ya nyumba wanapiga kelele kama wamelipwa. Naanza na hali ya hewa kwa sababu Mama alitufundisha kuanza barua hivyo, na asingenisamehe ningerukia mambo ya gari. Natumai hapo Sendai mu wazima, wewe na wifi Mitsue, na kwamba mgongo wako umekubali kunyooka. Sisi tuko salama. Baba anakula vizuri na anagomba vizuri. Mimi nimechoka, Kaka. Naandika wazi mapema usije ukadhani nimekasirika nawe, ingawa kidogo nimekasirika.

Kila Jumapili unapopiga simu unaniuliza nimeamua nini kuhusu injini, nami najibu tutaongea. Kwenye simu siwezi, maana Baba huwa amekaa pale pale akijifanya anatazama mieleka. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Wewe ulihamia Sendai kabla hajalinunua lile gari, kwa hiyo hujaishi nalo. Alilinunua mwaka aliostaafu, likiwa tayari limepitia mikono ya watu wengine, na rangi yake nyekundu imeanza kupauka. Mama alimuuliza mtu mzima anafanya nini na gari la vijana lenye viti viwili. Akajibu kwamba ametumia maisha yake yote kiwandani akisugua nyumba za zile injini za kuzunguka, zisizo na pistoni, zenye rota za pembetatu ndani, na hajawahi kuwa na hata moja ya kwake. Baadaye Mama akaanza kuliita bi mdogo. Jumamosi Baba akitoka na kitambaa cha kulifuta, Mama alikuwa akimwambia, "Msalimie mwenzangu, mwambie leo zamu yangu ya kupikiwa."

Sheria ya gari hilo ilikuwa moja, na sote tuliimezeshwa. Ukiliwasha, uliache lipate moto sawasawa ndipo ulizime. Hata ukitaka kulisogeza hatua chache tu, ama uwashe na uende ukazunguke mtaa, ama usiwashe kabisa, usukume kwa mikono. Ukilizima likiwa baridi, petroli inabaki ndani na kuizamisha injini. Siku moja kijana wa kuosha magari alilisogeza mita mbili akazima. Baba alimtolea hotuba mpaka mtoto wa watu akavua kofia.

Basi majira ya kuchipua likakataa kuwaka. Fundi Okazoe, yule aliyefanya kazi na Baba kiwandani kabla ya kufungua gereji yake, alilivuta akalipima. Akaniita akanieleza kwamba rota ya nyuma ni nzima lakini ya mbele kompresheni yake, yaani nguvu ya kubana hewa, imeanguka, na sili za kwenye ncha zinazoizuia hewa isivuje zimekwisha. Gari halitapita ukaguzi wa serikali hivyo lilivyo. Ama ishushwe injini, ifunguliwe na kufungwa upya, ama gari liuzwe kwa mtu wa vipuri.

Baba hakufikiri hata kidogo. "Ishushe," alisema. Na wewe ulipopata habari ukasema gharama ni juu yako, nisimzike mzee angali hai. Neno hilo liliniuma. Wewe unamsikia Baba kwenye simu, na kwenye simu Baba ni hodari. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kando yake vuli iliyopita, pale kwenye mataa ya stesheni, aliposimama kwenye taa ya kijani, kisha akaondoka ilipokuwa nyekundu. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani aliporudi na kioo cha pembeni kinaning'inia, akasema nguzo ya lile duka la tofu imesogea. Nilimwambia nguzo hazisogei. Akasema, "Ile inasogea. Kamuulize mwenye duka."

Nilimsihi arudishe leseni polisi kama wafanyavyo wazee wenzake. Unapewa cheti na punguzo la basi. Hakusema nami siku nzima. Wakati wa kula alibeba bakuli lake la wali akaenda kukaa mbele ya madhabahu ya marehemu Mama pale sebuleni, akamsemea kwa sauti, "Unamsikia binti yako? Anataka nipande basi na wazee!" Nami nipo jikoni namkatia figili. Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaendelea kukata. Tumegombana hivyo majira yote ya baridi, Kaka. Nilifika mahali nikawa naogopa sauti ya funguo.

Kwa hiyo gari lilipokufa, nitakuambia ukweli, nilifurahi. Nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Halafu ninyi wawili mkaanza: injini, injini, injini.

Juzi nilikwenda gereji peke yangu. Nilikuwa nimekusudia jambo, nitalieleza. Ila kabla sijafungua mdomo, Okazoe akaniuliza nani hulisogeza gari letu asubuhi. Nikamwambia hakuna ila Baba. Kuna lile basi dogo linalomchukua Bi Tokunaga wa nyumba ya mbele kumpeleka kwenye kituo cha wazee. Uchochoro wetu unaujua ulivyo mwembamba, kwa hiyo Baba hutoka, analisogeza gari nyuma kidogo, basi likipita analirudisha. Okazoe akauliza kama huwa analiacha likiunguruma. Nikaanza kujibu kwamba bila shaka, kisha nikajisikiliza. Nikakumbuka asubuhi zile nikiwa dirishani na mswaki mdomoni. Linawaka, linazimwa. Linawaka tena, linazimwa. Majira yote ya baridi.

Okazoe akafuta mikono. "Dada Fumiyo, injini hii haikuchoka kwa uzee," akasema. "Imezamishwa kila siku. Petroli imeosha oili yote mle ndani, sili zikabaki zinajisugua kavu."

Nilikaa kwenye tairi lililokuwa pale. Mtu aliyemtolea mwenzake hotuba kwa mita mbili. Kama angesahau jina langu lisingenitisha vile, maana hata Mama alikuwa akiniita kwa jina la paka. Lakini hilo, Kaka! Nilijua hapo hapo kwamba Baba hapaswi kushika usukani tena, na kwamba hata wewe ukisikia hutanibishia.

Basi nikamwomba fundi lile nililokusudia. Nilimwomba aseme uongo. Amwambie Baba nyumba ya rota imepasuka, haifungiki tena, gari liende kwa mtu wa vipuri na yaishe. Niliinama sana, mpaka nikaona viatu vyake.

Okazoe alikataa. Alisema amekwisha kupewa agizo jingine, na halivunji. Nikamuuliza na nani. Akaangalia mlango kwanza, kisha akanihadithia.

Baba alikuwa amekwenda pale kabla yangu, siku niliyodhani yuko kwa daktari wa macho. Alikwenda kwa basi. Alivaa tai. Alimwambia Okazoe kwamba injini ameizamisha mwenyewe, kwamba mkono wake ulikuwa ukigeuza funguo na akili yake haipo, na kwamba alikuja kulitambua hilo siku gari lilipogoma. Okazoe akajaribu kumtania kwamba hata nyani huanguka mtini, sijui nini. Baba akamwambia anyamaze, hakuja kufarijiwa.

Akamwambia hivi, nayaandika kama nilivyoyapokea: "Ishushe, uifunge vizuri, kama ya kwako. Atakayelichukua alikute zima, sitaki kitu kibovu kitoke nyumbani kwangu. Ila usiharakishe. Leseni yangu inaisha mwezi wa tatu mwakani, na sitaenda kuihuisha. Mpaka hapo liweke vipande vipande. Fumiyo kila siku anatafuta namna ya kuninyang'anya funguo na hawezi, moyo wake mwepesi. Gari likiwa limefunguliwa, hatakuwa na cha kuninyang'anya. Nyumbani nitapiga kelele kwamba unachelewa, na wewe vumilia matusi."

Tangu siku hiyo namsikia sebuleni akimtukana Okazoe, eti fundi gani huyo, mvivu, angekuwa kiwandani angefukuzwa kabla ya chai. Mimi nammiminia supu na kumwambia ni kweli, Baba, mafundi wa siku hizi. Anafurahi. Nadhani hajui kwamba najua, na sitaki ajue.

Kwa hiyo uamuzi ndio huu: injini inafungwa upya. Tuma hicho ulichoahidi, lakini usimpigie Okazoe simu kumhimiza, nakuomba kwa jina la Mama. Na Jumapili ukiongea na Baba, muulize gari limefika wapi. Akianza kulalamika, usimtulize. Lalamika naye. Lalamika kwa nguvu kumzidi.

Msalimie sana wifi Mitsue. Mwambie mwani aliotuma umefika na tunaula. Bi Tokunaga anakusalimu, na Baba pia angekusalimu kama angejua naandika. Jitunzeni na joto la huko mvua zikikatika.

Ni mimi mdogo wako,
Fumiyo